Mafundi Wasioulizwa Majina Yao

Katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani zimehifadhiwa nguo za ngozi zilizotoka katika nchi ya Wairaqw, yaani nyanda za juu za Mbulu, ambako ndiko iliko Maretadu. Ni nguo za kike za kujifunga kiunoni. Ngozi yake imelainishwa kwa mikono mpaka ikawa kama kitambaa, kisha ikashonewa shanga za rangi, safu kwa safu, mistari kwa miviringo. Nguo ya namna hiyo haishonwi kwa siku mbili. Yataka subira ndefu, na yataka mtu aliyeiona sura ya mwisho moyoni mwake kabla hajatia shanga ya kwanza. Karibu na nguo huwekwa kikaratasi cha maelezo. Humo huandikwa jina la kabila, jina la nchi, na vitu vilivyotumika: ngozi, shanga, uzi. Pengine huandikwa pia jina la bwana aliyeitoa nguo hiyo kuwapa makumbusho. Jina la mwanamke aliyeishona, kwa kawaida, halimo.

Nguo hizo zina habari yake. Zamani wasichana wa Kiiraqw walikuwa wakiwekwa ndani katika unyago ulioitwa marmo, wakifundishwa na mama watu wazima, na katika muda huo wa kutawishwa ndipo walipozitengeneza nguo zao. Desturi hiyo ilikwisha katika zama za ukoloni. Hatuna nia ya kuililia marmo yenyewe. Kila kaumu huacha mambo na kushika mengine, na unyago wa watu si jambo la sisi kulihukumu hapa. Twalolitaja ni kwamba palikuwa na chuo cha ufundi milimani humo, chenye walimu na wanafunzi, kisicho na jengo wala daftari, na kazi zake zimevuka bahari zikasifiwa, wala majina ya waliozifanya hayakusafiri pamoja nazo. Aliyenunua aliuliza: Hii ni nguo ya kabila gani? Hakuuliza: Hii ni nguo ya mkono wa nani?

Ukishuka kutoka Hanang kwenda Dodoma wafika Kondoa, ambako ziko zile picha za miambani zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Waliozichora wamekufa tangu zamani sana, na hakuna tutakayemwuliza. Huko udhuru upo. Lakini mama aliyeshona nguo ya ngozi katika karne ya 20 alikuwa na wana na wajukuu, na majirani waliompa salamu kila asubuhi. Jina lake lilikuwa linajulikana kijiji kizima. Halikuandikwa kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba lastahili kuandikwa.

Baadhi ya wasomaji wetu watasema kwamba hayo ni makosa ya wageni, wakusanyao vitu vya watu wasiwajali watu wenyewe. Kuna ukweli katika neno hilo, lakini ni nusu ya ukweli. Tutazame nyumbani.

Katika wilaya hizi za Mbulu na Hanang, na kuteremka mpaka bonde la ziwa Eyasi, wanakaa Wadatoga, majirani wa Wairaqw tangu dahari. Miongoni mwao uko ukoo wa wahunzi waitwao Gidang'odiga. Watu hawa hukusanya vyuma na shaba chakavu, kufuli mbovu, mifereji ya maji iliyovunjika, wakaviyeyusha juu ya moto wa makaa unaopulizwa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, wakamimina katika kalibu, na humo zikatoka bangili za kung'aa zilizochorwa mistari myembamba kwa patasi. Hutoa pia vichwa vya mishale, na Wahadzabe wa bonde hilo, ambao hula kwa kuwinda na kurina asali, hupata mishale yao kwao. Basi mwindaji anawahitaji, na mwanamke wa mfugaji hajioni amepambika bila kazi yao. Lakini desturi ya zamani iliwatenga wahunzi hawa. Mfugaji hakuoa kwao wala hakuwaozesha binti yake, na walihesabiwa kuwa ni watu wenye uchafu. Bangili ikivaliwa ni safi. Mkono ulioifua ndio mchafu! Twaomba msomaji alifikiri jambo hili kidogo, maana halikuwahusu Wadatoga peke yao. Katika nchi nyingi za Afrika mhunzi ameogopwa au amedharauliwa, na pengine yote mawili kwa pamoja.

Sisi tulio Waislamu hatuna hata kisingizio cha kutokujua. Msomaji wa Kurani ameisoma katika Sura ya Saba na Sura ya Anbiyaa habari ya Nabii Daudi, aliyelainishiwa chuma na Mwenyezi Mungu na kufundishwa kazi ya deraya, na katika Hadithi za Mtume (S.A.W.) husifiwa Daudi huyo huyo kwamba alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Mfalme na Nabii, naye ni mhunzi. Pamoja na hayo, ni wangapi miongoni mwetu ambao, akija mhunzi au mfinyanzi kuposa, huanza kuuliza maswali ambayo hawamwulizi karani?

Dharau hiyo mara nyingi haitamkwi kwa ulimi. Huonekana katika bei. Mwendee mama auzaye vyungu siku ya mnada, katika mji wowote wa nyanda hizi. Atokaye nyumbani na fedha zake mfukoni hainami mbele ya vyungu bila kuanza kubishana. Atakivuta chungu, atakigonga kwa ukucha, atasema kina ufa, atataja nusu ya bei, na mwisho ataondoka akijiona mwerevu kwa kuwa amempunja mwanamke aliyechimba udongo, akaukanda, akaufinyanga, akauanika, akauchoma, na akauchukua kichwani mwendo wa saa mbili. Kisha mtu huyo huyo aenda duka la pili kununua vocha ya simu, na hapo hatoi neno lolote. Bei ya vocha imeandikwa, nayo hailalamikiwi. Sisi hatusemi kwamba kupatana bei ni kosa; soko ni soko, na bila mapatano halichangamki. Twasema tu kwamba yapasa mtu ajiulize kwa nini ukali wake wa kupatana humwangukia sikuzote yule aliyekitengeneza kitu kwa mikono yake mwenyewe.

Na yuko fundi wa namna nyingine ambaye hata hiyo nusu ya bei haipati, kwa sababu kazi yake haishikiki. Huyo ni mshairi. Wairaqw wana utungo wao uitwao slufay. Ni maombi marefu yanayosemwa na mzee katika mkutano, hasa mwishoni mwake, naye husema fungu kwa fungu huku wasikilizaji wakimwitikia kwa sauti moja. Humo huombwa mvua na mavuno, afya ya ng'ombe na uzazi wa watu, amani ndani ya mipaka ya nchi, na mabaya yaondoke yaende mbali. Maneno yake ni ya Kiiraqw cha ndani, yenye mafumbo na majina ya zamani ambayo kijana wa leo, hata aliyezaliwa na kulelewa kwa lugha hiyo, huenda asiyaelewe yote. Mzee asemaye slufay haendi mbele ya watu na karatasi. Amesikiliza wakubwa wake miaka mingi, akashika mwendo na mipangilio, kisha naye akatia yake papo hapo, kwa kadiri ya siku na haja iliyowakutanisha watu. Huo ni utunzi wa juu, na twathubutu kusema kwamba ungalikuwa wa Kigiriki cha kale ungalifundishwa katika vyuo vikuu vingi.

Tungo na hadithi hizi hazikukosa kabisa watu wa kuziandika. Mjerumani mmoja, Paul Berger, alikusanya masimulizi ya Kiiraqw katika miaka ya 1930, lakini kitabu chake hakikutoka mpaka mwaka 1998, baada ya kutengenezwa na mwenzake Roland Kiessling. Miaka 60 karatasi zilingoja! Mwaka 1978 W. D. Kamera alitoa kitabu cha hadithi za Wairaqw kwa Kiswahili. Mwaka 2002 ilitoka kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza ya Maarten Mous, Martha Qorro na Kiessling, na Bibi Qorro huyo ni mwanachuoni wa hapa kwetu, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi hizo ni za heshima na tunawashukuru waliozifanya. Lakini waandishi watatu au wanne hawawezi kuwa masikio ya nchi nzima. Mzee wa Maretadu akifa leo na slufay yake haikuandikwa, hakuna mtaalamu wa Leiden wala wa Hamburg atakayeirudisha. Aliyeweza kuiandika alikuwa mjukuu wake, anayejua kusoma na kuandika, na ambaye amekaa naye chumba kimoja miaka 15 akisikiliza redio.

Asidhani mtu wa pwani kwamba upungufu huu ni wa watu wa bara, ati kwa kuwa pwani tuna vitabu na mashairi yaliyoandikwa tangu karne nyingi. Habari ya marehemu Siti binti Saad yatosha kutunyamazisha. Alizaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya watu maskini. Wazee wake walikuwa wafinyanzi, naye akivichukua vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini, akivinadi kwa sauti ambayo watu walitoka nje kuisikiliza. Akahamia mjini mwaka 1911, akafundishwa kuimba na wanamuziki wa huko. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, na huko nyimbo zao zikatiwa katika sahani za santuri. Yeye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Wenye kijicho walimtungia wimbo wa kumcheka kwa asili yake, kwa umaskini alikotoka, na kwa uso wake. Naye akawajibu kwa wimbo, tena wimbo uliodumu kuliko wao. Hata hilo jina la Siti, lenye maana ya bibi mtukufu, ni la kupewa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa.

Siti alifariki mwaka 1950. Ingalikuwa rahisi kabisa habari zake zipotee, kama zilivyopotea za wanawake wa shanga wa Mbulu. Sahani za santuri huvunjika, na waliomsikia huzeeka. Lililozuia lisiwe ni kwamba mtu mmoja alichukua shida ya kumwendea akiwa bado hai, mzee na mgonjwa, akamwuliza maisha yake, akayaandika. Mtu huyo ni Shaaban Robert, na wasifu aliomwandikia ulichapishwa mwaka 1958. Twaona hapo jambo la ajabu na la kufurahisha. Mtunzi aliyekuwa na kazi zake mwenyewe za kumaliza aliacha kalamu yake kwa muda amtumikie mtunzi mwingine, mwanamke, asiyekuwa na elimu ya shule, ambaye wakubwa wa zama zile hawakumhesabu katika waandishi wala wanachuoni. Katika vitabu vyake vyote vizuri, hiki sisi hukipa heshima ya pekee.

Na Shaaban Robert mwenyewe? Alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, Tanga, mwaka 1909. Leo mitaa imeitwa kwa jina lake na watoto wa shule wanamsoma toka Mbulu mpaka Mombasa. Lakini katika maisha yake alikuwa karani wa serikali. Alianza forodhani mwaka 1926, akahamishwa idara kwa idara, na mashairi na hadithi zake aliziandika baada ya saa za kazi, kwa taa, kwa gharama ya usingizi wake. Alifariki mwezi wa Juni mwaka 1962. Utenzi wake mrefu wa Vita vya Uhuru ulichapishwa mwaka 1967, na Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikatoka mwaka 1968. Alikuwa kaburini miaka sita vitabu hivi viwili vilipotoka. Watu wakasema: Hakika alikuwa mtu mkubwa. Maneno haya husemwa kwa wepesi sana mtu akiisha zikwa.

Tumemtaja karani huyu kwa makusudi. Wapo siku hizi wanaowapa vijana nasaha ya kuvutia masikio, kwamba mwenye kipaji na aache yote akifuate kipaji chake, riziki itakuja yenyewe. Sisi hatupendi nasaha hiyo. Husemwa mara nyingi na watu ambao chakula chao cha usiku kimekwisha pikwa na mtu mwingine. Siti aliuza vyungu. Shaaban Robert aliandika barua za serikali. Na marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, aliyekuwa na umri wa miaka 36 hivi alipoanza kuchora, alikuwa amekwisha kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na utumishi wa nyumbani Dar es Salaam. Mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya mbao nyembamba za kuezekea dari, kwa rangi ya mafuta ile ipakwayo baiskeli, kwa kuwa ndiyo aliyoweza kuinunua. Picha ziliuzwa nje ya duka moja Oysterbay. Akawafundisha jamaa zake. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa, na kazi yake yote ya uchoraji haikupita miaka minne. Wanafunzi wake waliiendeleza, na leo jina la mtu huyo limekuwa jina la uchoraji wenyewe. Yule mtumishi wa nyumbani amepata kile ambacho wanawake wa shanga hawakukipata.

Hebu tuitazame tena Maretadu. Tumchukulie msichana mmoja wa huko, wa kufikiria tu, mwenye umri wa miaka 17. Asubuhi yuko shambani katika mahindi na maharage, jioni yuko jikoni, na kati ya hayo mawili hushona. Ameona picha ya nguo ya ngozi ya bibi zake katika simu ya kaka yake, akaanza kuiga ile mistari juu ya kitambaa, kwa uzi badala ya shanga, kwa kuwa shanga zina bei. Hakuna aliyemfundisha. Baba yake si mtu mbaya. Yuko katika hesabu ya mbolea na ada ya shule ya wadogo zake, na akimwona binti ameinamia kitambaa saa nzima husema: Hiyo ni kazi ya watu wasio na kazi.

Nyumba kama hiyo twaizungumzia kwa heshima, kwa sababu baba huyo ana haki yake. Njaa ya Mbulu si hadithi, na mvua ikikosekana hakuna nguo ya shanga iliyopata kuliwa. Lakini twamwomba atazame jambo jingine. Binti yake hakuomba kuachiliwa shamba. Ameomba, bila hata kufungua mdomo, saa moja ya mchana na uzi wa shilingi chache. Akipewa hivyo viwili, pamoja na neno moja jema, ataendelea. Akinyimwa, hataasi, ataacha tu, kimya kimya, na mkono utasahau. Huko ndiko kufa kwa fani nyingi. Hakupigwi marufuku wala hakutolewi amri. Mtu mmoja nyumbani amecheka, basi.

Na mama wa nyumba hiyo tungependa kumkumbusha kwamba yumkini yeye ndiye wa mwisho aliyemsikia bibi yake akiitaja mistari ile kwa majina. Kila mstari wa shanga na kila mviringo, katika mikono ya wajuao, una jina na sababu. Mtu wa makumbusho hayajui majina hayo. Yumkini mama ayajua mawili au matatu. Ayaseme wakiwa jikoni, binti asikie.

Wanasira hutuambia kwamba Kaab bin Zuhair alipomjia Mtume (S.A.W.) na kumsomea kasida yake, Mtume alivua joho lake akamvisha. Hakumwambia kwamba maneno ni bure. Twalitaja tukio hilo kwa sababu katika harusi zetu nyingi, za pwani na za bara, mpishi hulipwa, mpiga picha hulipwa, na mwenye viti na turubai hulipwa kabla hajavishusha. Kisha anaitwa kijana wa jirani asome shairi alilolitunga wiki nzima kwa ajili ya bwana na bibi harusi, naye hupewa sahani ya pilau na makofi. Pilau ni nzuri, hatuikatai. Lakini kijana huyo naye hununua viatu.

Kwa vijana wenyewe maneno yetu ni machache. Kazi isiyotazamwa na watu yataka kufanywa vizuri vile vile, kwa kuwa anayejifunza bado hajui siku ambayo macho yatamgeukia, na siku hiyo haitoi nafasi ya kujitayarisha. Aandikaye mashairi kwa Kiswahili ajue kwamba mashindano yapo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Serikali, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili mwaka 2023. Kabla yake ilianzishwa mwaka 2014 tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoitwa Mabati-Cornell, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikaitwa Safal-Cornell, na katika mwaka wake wa kwanza wa kutolewa, 2015, mshindi wa ushairi alikuwa Mohammed Ghassani, Mzanzibari anayeishi Ujerumani, kwa diwani yake N'na Kwetu. Muswada hausomwi ukiwa sandukuni. Atakayeshindwa mara ya kwanza atakuwa amewapata angalau wasomaji wawili watatu, ambao jana hakuwa nao.

Ajue pia sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, humlinda mtunzi tangu pale kazi inapotungwa, bila sharti la kwanza kuiandikisha, na ulinzi huo wa mali hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mwenye kutaka ushahidi ulio wazi zaidi huiandikisha kazi yake COSOTA. Twaeleza haya kwa sababu tumekwisha kuona zaidi ya mara moja wimbo wa mtu wa kijijini ukiimbwa mjini na mtu mwingine, ukapigwa redioni, ukauzwa, na mtungaji akaambiwa ati ni wimbo wa asili, hauna mwenyewe. Wimbo uliotungwa na mtu aliye hai, ambaye nyumba yake inajulikana, una mwenyewe.

Lakini tungo zile za zamani, kama slufay, ambazo hakika hazikutungwa na mtu mmoja, nazo zina mahali pa kuanzia. Kijana akae na mzee wake jioni moja, kwa ruhusa yake. Asianze na maswali mengi. Amwache aseme mpaka amalize, na kama ana simu yenye kunasa sauti, aiweke chini penye utulivu mbali na redio na kuku. Siku ya pili arudi na daftari, asikilize fungu baada ya fungu, aandike kwa Kiiraqw kwanza kama kilivyosemwa, ndipo atie maana yake kwa Kiswahili upande wa pili wa karatasi. Neno asilolielewa asiliruke wala asilibadilishe kwa lingine aonalo ni zuri zaidi. Alipigie mstari, amwulize mzee. Kama mzee hapendi baadhi ya maneno yatolewe nje ya wenyeji, maneno hayo yaachwe. Yale yatakayobaki yaandikwe nakala mbili, moja ikae nyumbani, ya pili ipelekwe shuleni au kwa mtu mwaminifu asiyekaa chini ya paa moja, kwa ajili ya moto na mchwa.

Na juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kabla ya utungo wenyewe, liandikwe jina la mzee aliyeusema, na la baba yake. Jina la aliyemfundisha, kama amkumbuka. Kijiji, kitongoji, mwezi na mwaka. Hali kadhalika mwenye kununua chungu, kikapu au nguo ya shanga amwulize fundi jina lake, aliandike kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani au chini ya kitako, mahali pasipoharibu kazi. Fundi wa kwanza atakayeulizwa huenda akacheka, kwa kuwa hajapata kuulizwa.